Kaburi la Tai: Jina, Mifupa na Wakati katika Kaburi la Kale la Isbister, Visiwa vya Orkney

1.0 Utangulizi



Mtaalamu wa lugha anaposimama mbele ya hadhira kama hii kuzungumzia kaburi, msikilizaji ana haki ya kuuliza: kaburi lina nini la kumwambia mwanafunzi wa Kiswahili? Tena kaburi ninalokusudia halipo katika mwambao wetu, wala halikuachiwa na wajenzi wake hata herufi moja. Lipo Isbister, juu ya majabali ya bahari katika kisiwa cha South Ronaldsay, mojawapo ya visiwa vya Orkney vilivyo kaskazini ya Uskoti. Huko ni latitudo ya digrii 59 kaskazini, na katikati ya majira ya baridi mchana hudumu kwa takriban saa sita tu. Watu waliolijenga waliishi miaka ipatayo elfu tano iliyopita, nasi hatujui hata neno moja la lugha yao.

Hata hivyo kaburi hilo lina jina, na jina hilo ndilo lililonileta hapa. Tangu miaka ya 1980 limejulikana duniani kama Kaburi la Tai. Jina hilo lilitungwa kwa nia njema na kwa ushahidi ulioonekana kutosha. Baadaye ushahidi wenyewe ulipohojiwa upya, ulilikana jina. Katika mhadhara huu nitajaribu kuonyesha jinsi jina hilo lilivyopatikana, jinsi lilivyotikiswa, na kwa nini kosa lililotendeka hapo linatuhusu sisi tunaosoma tungo na masimulizi ya kale. Hoja yangu ni moja: vitu vilivyokutwa pamoja si lazima viwe vya wakati mmoja, na jina likitangulia ushahidi huwa vigumu mno kulirudisha nyuma.

2.0 Visiwa na Wajenzi Wake

Orkney ni funguvisiwa lenye visiwa vipatavyo sabini, ambavyo vingi havikaliwi na watu. Wakulima wa kwanza waliingia huko katika milenia ya nne kabla ya Kristo (K.K.), wakiwa na ng'ombe, kondoo na mbegu za shayiri. Hao ndio watu wa Zama Mpya za Mawe, yaani zama ambazo binadamu walikwisha kujua kilimo na ufugaji lakini bado hawakujua kufua madini. Katika kisiwa cha Papa Westray bado zimesimama kuta za nyumba yao iitwayo Knap of Howar, iliyoanza kukaliwa karibu na mwaka 3700 K.K. Katika kisiwa kikubwa kuna kijiji cha Skara Brae, ambacho tufani ya mwaka 1850 ilikifunua kutoka chini ya mchanga.

Ifahamike kwamba visiwa hivyo vina uhaba wa miti, lakini vina mwamba unaopasuka kwa urahisi katika mabamba bapa. Kwa hiyo jiwe lilifanya kazi ambazo kwingineko zilifanywa na mti. Katika Skara Brae hata vitanda na rafu ni vya mawe. Yamkini hiyo ni sababu mojawapo ya kaburi kuwa, kwa watu hao, nyumba hasa: lilijengwa kwa mabamba yaleyale na kwa ufundi uleule.

Wanaakiolojia wameyagawa makaburi ya Orkney katika aina kuu mbili. Aina ya kwanza ni chumba kirefu kilichogawanywa kwa mabamba yaliyosimamishwa pande zote mbili, mfano wa zizi lenye vyumba vya kufungia mifugo. Kaburi la Midhowe katika kisiwa cha Rousay ni la aina hiyo. Chumba chake kina urefu wa zaidi ya meta 23 na kimegawanywa sehemu kumi na mbili. Aina ya pili ni chumba kimoja cha kati chenye paa la juu, ambacho kutoka humo hufunguka vijumba vidogo ndani ya unene wa kuta. Kaburi maarufu la aina hiyo ni Maeshowe, ambalo nitalirejea.

Isbister limechanganya aina hizo mbili. Lina chumba kirefu cha meta zipatazo nane kilichogawanywa kwa mabamba, lina rafu za mawe miishoni, na lina vijumba vitatu vya ubavuni. Juu yake yote lilirundikwa tungamo la mawe. Anayeingia hupita katika ujia mfupi ulio chini sana, unaotazama upande wa bahari. Kwa miaka mingi wageni walipita humo wakiwa wamelala juu ya kigari kidogo, wakijivuta kwa kamba.

3.0 Suala la Istilahi: Kaburi, Mava, Mwanandani

Kabla ya kuendelea, yatupasa tuulize iwapo neno letu "kaburi" linafaa. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, kaburi ni mahali pa mtu mmoja. Maiti huzikwa mara moja, hufukiwa, na baada ya hapo huachwa apumzike. Kulifukua kaburi ni jambo linalohitaji sababu nzito. Penye makaburi mengi pana neno "mava", lakini hata katika mava kila marehemu hulala peke yake.

Hali ya Isbister ilikuwa tofauti kabisa. Humo hamkuwa na mtu aliyelala peke yake. Mifupa ya watu wengi ilikuwa imetenganishwa na kuchanganywa. Mafuvu yaliwekwa pembezoni mwa chumba au yakakusanywa katika vijumba, na mifupa mingine ilirundikwa kando. Yaonekana walio hai waliingia tena na tena, wakawasogeza waliotangulia, wakawapanga upya. Mtu aliyefariki hakubaki mtu mmoja kwa muda mrefu, bali aliingizwa katika umoja wa wahenga.

Lugha yetu imeunda istilahi "kaburi la halaiki", na mwandishi mwenye haraka angeweza kuitumia hapa. Angekosea. Istilahi hiyo imebeba maana ya tukio moja: vita, maafa au mauaji, na watu wengi kufukiwa kwa pamoja. Isbister lilijazwa kidogo kidogo kwa vizazi vingi. Tofauti baina ya mambo hayo mawili si ya idadi ya maiti bali ni ya wakati, na hapo ndipo penye kiini cha mhadhara huu.

Kwa upande mwingine, mwambao umetuachia neno moja linalofaa sana, nalo ni "mwanandani". Katika maziko ya mwambao, mwanandani ni nafasi inayochimbwa ubavuni ndani ya kaburi ili maiti awekwe humo. Vijumba vya ubavuni vya Isbister havina asili moja na mwanandani wetu, lakini umbo lake, yaani chumba ndani ya chumba, linaelezwa vyema na neno hilo kuliko tafsiri yoyote ya kubuni. Kwa hiyo nitaviita mianandani. Neno "kaburi" nitaendelea kulitumia, ila naomba msikilizaji alisikie kwa maana ya nyumba ya wafu yenye mlango, si shimo lililofukiwa.

4.0 Kufunguliwa kwa Kaburi na Kuzaliwa kwa Jina

Mwaka 1958 mkulima Ronald Simison, mwenye shamba hilo, alikuwa akitafuta mawe bapa alipokuta ukuta uliojengwa kwa mikono ya watu. Kando yake palikuwa na zana za mawe zilizong'arishwa kwa ustadi. Alipoendelea alifikia uwazi mdogo wenye giza. Aliwasha kiberiti chake cha sigara, akaingiza mkono, na kwa mwanga ule mdogo akaona mafuvu yapatayo thelathini yakimtazama. Huo ulikuwa mmojawapo wa mianandani niliyoitaja.

Uchunguzi mfupi wa kitaalamu ulifanyika wakati huo, kisha kaburi likafunikwa. Miaka kumi na minane ilipita. Mwaka 1976 Simison aliamua kulichimba mwenyewe, na kazi yake ikatoa hazina kubwa ya mifupa: vipande vya mifupa ya binadamu vipatavyo 16,000, pamoja na mifupa ya wanyama, samaki na ndege. Mwanaakiolojia John W. Hedges aliongoza uchunguzi wa vitu hivyo, na taarifa ya kitaalamu ikachapishwa mwaka 1983. Hesabu ya wakati huo ilifikia watu 342.

Miongoni mwa mifupa ya ndege, iliyokuwa zaidi ya 700, mingi ilikuwa ya tai wa baharini mwenye mkia mweupe, ndege mkubwa ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia zaidi ya meta mbili. Tai hao hawakupungua wanane. Hawakuwa wameliwa na watu, wala ndege huyo hajengi kiota chake ndani ya vyumba vya mawe chini ya ardhi. Basi walifikaje humo?

Hedges alitoa jibu lenye mvuto. Alidai kwamba jamii ya Isbister ilimfanya tai kuwa ndege wa ukoo, alama yake mbele ya jamii jirani zilizokuwa na wanyama wengine wa ukoo. Dai hilo liliungana na jingine, kwamba maiti kwanza walianikwa nje juu ya majabali mpaka ndege walipomaliza nyama, ndipo mifupa mitupu ikaingizwa kaburini. Kwa namna hiyo tai akawa mshiriki katika mazishi yenyewe. Mwaka 1984 Hedges alitoa kitabu kwa wasomaji wa kawaida, na katika jina la kitabu hicho kaburi likaitwa la tai. Jina likashika.

Tusimbeze mtaalamu huyo. Dai lake lilikuwa na mwenzake wa kuliunga mkono. Katika kaburi la Cuween Hill, kisiwa kikubwa cha Orkney, lililochimbwa mwaka 1901, yalikutwa mafuvu 24 ya mbwa. Tai huku, mbwa kule: kila ukoo na mnyama wake. Nadharia ilikuwa na mantiki, tena ilikuwa na uzuri.

5.0 Ushahidi Unapohojiwa Upya

Kila kiumbe hai huingiza mwilini mwake kaboni-14 kutoka katika hewa na chakula. Kikifa, hakiingizi tena, na kaboni iliyomo huanza kupungua kwa kasi ijulikanayo: nusu yake hutoweka kila baada ya miaka ipatayo 5,730. Kwa kupima kilichosalia katika mfupa tunaweza kukadiria wakati wa kifo. Uchunguzi wa awali ulipima mifupa ya watu, ukaonyesha kwamba kaburi lilikuwa likitumika mwishoni mwa milenia ya nne K.K. Tarehe hiyo ikavishwa vyote vilivyokutwa humo, tai wakiwamo.

Baadaye mifupa ya tai nayo ilipimwa, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2006. Tai hao walikufa baina ya mwaka 2450 na 2050 K.K. Maana yake ni kwamba wajenzi wa kaburi walikuwa wamekwisha kufa kwa karne nyingi, labda kwa miaka elfu moja, kabla ya tai hao kuingia humo. Aidha, kiumbe anayekula samaki wa baharini huonekana mkongwe kuliko alivyo anapopimwa kwa njia hiyo, kwa sababu kaboni ya bahari ni kongwe kuliko ya hewani. Kwa hiyo marekebisho yoyote ya athari hiyo yangewasogeza tai mbele zaidi, mbali na wajenzi. Hayawezi kuwarudisha kwao.

Cuween Hill nako mambo yalikwenda vivyo hivyo. Vipimo vya mafuvu ya mbwa vilionyesha kwamba yaliwekwa humo karibu na mwaka 2500 K.K., zaidi ya miaka mia tano baada ya kaburi kujengwa. Shahidi aliyekuwa akimuunga mkono mwenzake akatoa ushahidi uleule dhidi yake.

Dai la kuanika maiti nalo limepungua nguvu. Wachunguzi waliorejea kwenye mifupa ya makaburi ya Orkney wameona kwamba mambo mengi yanaelezeka vyema zaidi iwapo maiti waliingizwa wakiwa wazima, wakaoza humohumo, kisha mifupa yao ikatenganishwa na kupangwa na walio hai.

Sasa tujiulize, wajenzi wa Isbister wamebakiwa na nini baada ya kunyang'anywa tai? Wamebakiwa na miili yao wenyewe. Mifupa inasema kwamba wengi hawakufikia uzee. Inasema kwamba uti wa mgongo wa wengi uliharibiwa na baridi yabisi. Baadhi ya mafuvu yana mfinyo juu yake, ambao watafiti waliuhusisha na kubeba mizigo mizito kwa kamba iliyopitishwa kichwani. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha pia mafuvu yenye alama za mapigo, mengine yakiwa yamepona, maana yake aliyepigwa aliishi na kovu lake. Habari hizi hazina mvuto wa tai, na hakuna aliyewahi kulipa kaburi jina la maumivu ya mgongo. Lakini ni habari zao hasa.

6.0 Je, Maandishi Yangetuokoa?

Huenda mtu akasema kwamba tatizo la Isbister ni ukosefu wa maandishi. Maeshowe inatufundisha vinginevyo. Kaburi hilo lilijengwa karibu na mwaka 2800 K.K., nalo limepangwa ili jua linapotua katikati ya majira ya baridi mwanga wake upite katika ujia mrefu na kuangukia ukuta wa nyuma wa chumba. James Farrer alipolifungua mwaka 1861, hakukuta shehena ya mifupa kama ya Isbister. Alikuta maandishi. Kuta zilikuwa na maandishi yapatayo thelathini yaliyochongwa kwa herufi za Kiruni.

Maandishi hayo yanasomeka vizuri. Yanataja majina ya waliochonga, yana majisifu, na yanazungumzia hazina iliyofichwa au kuchukuliwa. Lakini waliochonga walikuwa watu wa asili ya Norwei walioingia humo katika karne ya 12 baada ya Kristo, karibu miaka elfu nne baada ya ujenzi. Hawakujua lolote juu ya wajenzi. Hivyo ukuta mmoja umebeba nyakati mbili: mawe ni ya wakati mmoja, na herufi zilizo juu ya mawe hayo ni za wakati mwingine. Maandishi ni shahidi wa kweli, ila ni shahidi wa walioyaandika. Anayeyafanya kuwa sauti ya wajenzi anatenda kosa lilelile la tai, tena kwa ujasiri zaidi, kwa kuwa ana herufi mkononi.

7.0 Funzo kwa Taaluma Yetu

Hapa ndipo Isbister inapotugusa. Sisi nasi tuna vyumba vyetu vilivyojazwa kwa vizazi vingi. Chukua Utendi wa Tambuka. Matukio yanayosimuliwa ni ya karne ya 7, na utendi wenyewe unahusishwa na mwaka 1728. Hakuna mwanafunzi anayezichanganya nyakati hizo mbili, kwa kuwa umbali ni dhahiri. Lakini tukifika kwa Fumo Liyongo tunateleza. Utendi unaosomwa sana uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Ndani yake mna masimulizi yaliyorithiwa, mna lugha ya ushairi iliyokuwapo kabla ya Kijumwa, na mna mkono wa Kijumwa mwenyewe. Mara ngapi tumechukua jambo moja kutoka katika utendi huo, desturi fulani au neno fulani, tukasema hivi ndivyo ilivyokuwa zama za Liyongo? Kila sehemu ya utungo ina haki ya kupimwa peke yake, kama ambavyo mfupa wa tai ulistahili kupimwa peke yake badala ya kuvishwa tarehe ya mfupa wa mtu uliolala kando yake.

Sisemi kwamba kilichoingia baadaye hakina thamani. Kwa hakika, tai wa Isbister wamekuwa wa ajabu zaidi tangu walipong'olewa kwa wajenzi. Wanatuambia kwamba karne nyingi baada ya kaburi kujengwa, katika visiwa ambavyo maisha yake yalikuwa yamebadilika, walikuwapo watu waliojua kwamba mahali hapo si pa kawaida, wakawapeleka humo ndege wakubwa wa anga. Vivyo hivyo, alichokiongeza Kijumwa si uchafu wa kupanguswa ili Liyongo aonekane, bali ni historia ya Lamu ya mwaka 1913. Tunachotakiwa ni kumpa kila mwenye haki haki yake.

8.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, tai wa baharini walitoweka Orkney katika karne ya 19 kwa kuwindwa na binadamu. Mwaka 2018 walitotoa tena vifaranga katika kisiwa cha Hoy, baada ya karibu karne moja na nusu. Ndege wamerudi. Jina nalo lingalipo, na sidhani kama litaondolewa, maana majina yana mizizi kuliko nadharia zilizoyazaa.

Basi tulitumie jina hilo, lakini tulitumie tukijua ni la nani. Ni jina la waliokuja baadaye: waliowaingiza tai, na sisi tuliowakuta. Wale walioinua mabamba, wakabeba mizigo mpaka mafuvu yao yakafinyika, wakarudi tena na tena kuwapanga wahenga wao gizani, walikuwa na jina jingine la mahali pale, kwa lugha ambayo haitasikika tena. Mtu aliye hai tukimwita kwa jina lisilo lake hutusahihisha papo hapo. Wafu hawana uwezo huo. Kwa sababu hiyo, uangalifu tunaowadai wanafunzi wetu katika kuweka tarehe na kutenganisha nyakati usihesabiwe kuwa ukali wa darasani. Ni adabu tunayowawia watu wasioweza kujisemea.